Kibali cha kumwaga majitaka: mwananchi huulizwa nini, na lini?

Juni 26, 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira la Kenya, linalosikiliza rufaa za leseni za mazingira, lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokuwa umepangwa kujengwa Kwasasi, kaunti ya Lamu. Ulikuwa mradi mkubwa, wa megawati 1,050, na NEMA, mamlaka ya serikali ya kusimamia mazingira, ilikuwa imeshautolea leseni tangu Septemba 2016. Sababu kuu ya kuifuta: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hadi leo ukiitaja kesi hiyo mbele za watu, hakosi mmoja wa kuuliza: mbona mikutano ilifanyika? Watu si walikwenda, wakakaa, wakasikiliza?

Ilifanyika, ndiyo. Ila jopo liliiona kuwa mikutano ya utangulizi tu. Wenye mradi walikuja kujitambulisha na kueleza wanachokusudia kujenga. Utafiti wa athari ulipokamilika, ukiwa na mambo mazito kama moshi, majivu na maji ya moto ambayo yangemwagwa baharini, hawakurudi kwa wenyeji kuwafafanulia kilichopatikana na kusikia wanasemaje. Watu wa Lamu waliombwa maoni juu ya jambo ambalo undani wake ulikuwa bado haujaandikwa. Jopo liliona kasoro nyingine pia, lakini hii ndiyo iliyobeba uzito.

Hapo ndipo lilipo fundo ambalo wengi hawajalifungua. Tumezoea kuhesabu ushiriki wa umma kwa vikao: vingapi, wapi, walikuja wangapi. Cha kuhesabu ni kingine kabisa. Mtu alikuwa anajua nini alipoulizwa? Na jibu lake liliacha alama gani kwenye masharti ya leseni?

Majitaka, leseni na masharti

Tuanzie chini kabisa. Majitaka ni maji yaliyokwisha kutumika: ya kiwanda cha ngozi, ya kichinjio, ya hoteli ya ufuoni, ya hospitali, ya mashine ya kumenya kahawa, hata ya vyoo vya shule ya bweni. Sheria ya Kenya ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira, ya 1999, inaanza na katazo: huruhusiwi kuingiza uchafu kwenye maji. Penye mfereji wa majitaka wa mji, kiwanda kinatakiwa kuunganisha bomba lake humo. Kisichoweza, kikataka kumwaga mtoni, ziwani au baharini, lazima kiombe leseni, na leseni hiyo ni ya mwaka mmoja mmoja.

Hapa ndipo unapozaliwa uvumi wa kwanza, kwamba leseni ni ruhusa ya kuchafua. Nimeusikia kwa wanaoishi karibu na viwanda, na nimeusikia kwa wenye viwanda wenyewe, wanaoitoa karatasi kama ngao kila mtu akilalamika. Leseni ya majitaka iko kama ya matatu ya abiria 14. Haisemi jaza utakavyo. Inasema barabara hii, abiria hawa, gari liwe zima. Ukibeba 20 umevunja sheria ingawa kibandiko kiko kiooni. Vivyo hivyo leseni ya majitaka hutaja kinachomwagwa, kinamwagwa wapi, kiasi gani na kikiwa kisafi kiasi gani. Karatasi bila masharti yake haina maana, na mwananchi anayetaka kuleta tofauti huishika kwenye masharti.

Masharti hayo yamejaa namba, na namba ndizo zinazowafukuza watu. Tuchukue moja tuiangalie kwa karibu. Kwenye majedwali ya Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 utakutana na herufi BOD. Hicho ni kipimo cha oksijeni ambayo vijidudu vitaihitaji ili kuuozesha uchafu uliomo majini. Damu ya kichinjio, mabaki ya sukari, utomvu wa kahawa: hivyo vyote ni chakula cha vijidudu, na vinapokula huvuta oksijeni ya mto. Ikipungua mno, samaki hukosa pumzi na maji huanza kunuka. Kanuni hizo ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa kila lita kwa majitaka yanayokwenda moja kwa moja kwenye mazingira. Yakiingia kwenye mfereji wa mji, ambako kuna mabwawa ya kuyasafisha, yaliruhusiwa hadi 500. Joto nalo lilipewa kikomo: maji yanayotoka yasipishane na yale yanayoyapokea kwa zaidi ya nyuzi 3. Kwa mvuvi wa Lamu aliyesikia habari za maji ya moto, nyuzi hizo 3 ni swali lake halali kabisa, na hahitaji shahada kuliuliza.

Kuna mtego kwenye namba hizi ambao hata maofisa hawautaji mara nyingi. Miligramu kwa lita inakuambia ukali wa majitaka, haikuambii wingi wake. Kiwanda kinachomwaga mita za ujazo 1,000 kwa siku kwa kiwango cha 30 kinaingiza kilo 30 za mzigo huo mtoni kila siku. Jirani yake anayemwaga mita 5,000 kwa kiwango kile kile anaingiza kilo 150. Wote wawili wametii. Mto hausomi miligramu, unapokea kilo. Ongeza viwanda kumi kwenye ukingo mmoja, kila kimoja kikiwa na karatasi safi, kisha ngoja kiangazi, maji ya mto yawe yamebaki magotini. Ndiyo maana inawezekana kabisa kila mwenye leseni awe mtiifu na mto ukafa.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza kwenye kikao, kabla hata ya ajira na barabara, ni hili: mtamwaga maji kiasi gani kwa siku, na mto huu una maji kiasi gani mwezi wa Februari? Wenye mradi wakikosa jibu la sehemu ya pili, ripoti yao haijaiva.

Si kura

Uvumi wa pili unawaumiza wananchi kuliko wa kwanza. Watu huamini kwamba wakikataa wengi, leseni haitatoka. Ikitoka, basi kuna aliyehongwa. Huenda yuko aliyehongwa, siwezi kumwapia kila ofisa. Lakini sheria haikuweka kura. Mwaka 2015, katika kesi ya makaa ya mawe ya bonde la Mui huko Kitui, majaji wa Mahakama Kuu walieleza vizuri: ushiriki wa umma hauna maana kwamba kila mtu lazima asikilizwe mmoja mmoja, wala kwamba maoni ya watu lazima yashinde. Kinachotakiwa ni kwamba mwenye kuamua awape watu habari za kutosha, awafikie kwa njia inayolingana na hali yao, na ayatie maoni yao kwenye mizani kwa nia njema.

Wako wanaoona msimamo huo ni dhaifu. Mimi naona una meno, ukijua pa kuyatafuta. Kama maoni si kura, basi wingi wa sahihi kwenye barua ya kupinga hauna nguvu nyingi kama watu wanavyodhani. Sahihi elfu mbili chini ya sentensi "hatutaki kiwanda" zinaweza kujibiwa kwa mstari mmoja. Hoja moja mahususi iliyoandikwa na mama mmoja anayechota maji mita mia mbili chini ya bomba inahitaji jibu lake yenyewe. Isipojibiwa, huo ni ufa ambao wakili ataingiza kabari.

Niseme na karatasi ya mahudhurio, maana inagombanisha watu vijijini. Unaingia kikaoni, unapewa soda, unaandika jina, namba ya kitambulisho na sahihi. Baadaye karatasi ile inakutwa nyuma ya ripoti, na jirani wanakuuliza kwa nini uliuza mto. Kutia sahihi ya kuhudhuria si kukubali mradi. Ni ushahidi kwamba ulikuwepo, basi. Lakini ripoti mbovu huzitumia orodha hizo kama mapambo ya ridhaa, kwa hiyo ukisaini, angalia kichwa cha karatasi kimeandikwa nini. Kama hakina kitu, andika mwenyewe kwa mkono neno "mahudhurio" na tarehe. Na ulichokisema mdomoni, kiandike pia ukikabidhi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Kumbukumbu za kikao huandikwa na mtu aliyelipwa na mwenye mradi. Si lazima awe mwongo, lakini anajua nani anamlipa.

Milango iko mingapi?

Mlango wa kwanza wa mwananchi kusikika, na mpana kuliko yote, ni tathmini ya athari kwa mazingira. Huu ndio utafiti unaofanywa kabla ya jiwe la msingi, unaoeleza mradi utagusa nini na utazuia madhara vipi. Kanuni za 2003 zinamtaka mwenye mradi mkubwa abandike matangazo mahali pa wazi, atangaze gazetini kwa wiki mbili mfululizo na redioni kwa lugha rasmi na ya wenyeji, tena afanye mikutano isiyopungua mitatu na watakaoguswa. Utafiti ukikabidhiwa, NEMA nayo hutangaza kwamba ripoti inasomeka na kwamba maoni yanapokelewa hadi siku fulani. Siku hiyo huandikwa kwenye tangazo lenyewe, na ndiyo ya kukariri. Miradi midogo hupita njia fupi zaidi, jambo ambalo huwafanya wajanja kuupasua mradi mkubwa vipande vidogo. Ukiona kichinjio, kiwanda cha ngozi na bwawa la majitaka vikiombewa ruhusa mbalimbali na mtu yule yule kwenye shamba lile lile, uliza kwa nini.

Tatizo la mlango huu ni kwamba kinachopitia hapo ni kitabu kinene cha Kiingereza cha kitaalamu, kinachowekwa kwenye ofisi ambayo nauli ya kuifikia ni kibarua cha siku. Siwezi kuita huo ushiriki hata tangazo likichapishwa mara kumi. Kanuni imedai redio itumie lugha ya wenyeji, sasa lugha hiyo hiyo ikifika kwenye kurasa zenyewe za ripoti inapotea. Wenyeji wanaweza kudai muhtasari wa Kiswahili na kikao cha kuufafanua. Kesi ya Lamu imewapa msingi wa kudai hivyo: baada ya ripoti, si kabla yake.

Mlango wa pili uko ofisi nyingine, na wengi hawaujui. Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, mtu anayetaka kumwaga uchafu kwenye chanzo cha maji anahitaji pia kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Ombi hilo linatakiwa kupitia mashauriano na umma, na yeyote anayepinga anaweza kuandika pingamizi. Mamlaka ikilikataa pingamizi lake, inapaswa kumpa sababu. Mashinani kuna pia vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji, ambavyo sheria hiyo inavitambua. Vingi vimeundwa kwa ajili ya kugawana maji ya kumwagilia, havijawahi kufikiria majitaka, lakini katibu wa chama kama hicho anajua mto wake mwezi kwa mwezi kuliko mshauri yeyote aliyekuja kwa gari siku mbili.

Mlango wa tatu ni ile leseni ya kila mwaka. Hapa hakuna hema wala soda. Kiwanda kinarudisha fomu na kumbukumbu zake za vipimo, ofisi inatazama, inatoa au inakataa. Kwa jinsi nionavyo, huu ndio udhaifu mkubwa wa mpangilio wote: nguvu za wananchi zimerundikwa mwanzoni, wakati mradi bado ni mchoro, na zinapungua pale bomba linapoanza kutiririka, wakati ambapo watu ndio kwanza wana cha kusema. Hata hivyo, kuwa hakuna kikao si kuwa hakuna njia. Barua ya wakazi iliyofika ofisini kabla ya leseni kuhuishwa, ikiwa na tarehe za siku maji yalipobadilika rangi na picha zake, ni ngumu kuirusha kapuni.

Barua yenyewe iweje

Chukua mfano wa kubuni. Kichinjio kinataka kujengwa kando ya kijito. Barua ya kwanza inasema: "Sisi wakazi tunapinga vikali kichinjio hiki kwa sababu kitachafua mazingira na kuleta magonjwa." Yote yanaweza kuwa kweli, na hakuna hata moja ambalo ofisa anaweza kulifanyia kazi.

Barua ya pili inasema hivi: "Ramani ya ripoti inaonyesha bomba likitokea juu ya kivuko ambapo kaya zetu huchota maji ya kunywa. Ripoti haikitaji kivuko hicho. Kijito hukauka kati ya Januari na Machi kikabaki madimbwi, lakini kipimo cha mtiririko kilichotumika ni cha Mei, mvua zikiwa zimekolea. Tunaomba kipimo kirudiwe kiangazi. Mradi ukiidhinishwa, tunaomba masharti manne: damu ikusanywe kavu isiingie kwenye maji; bomba litokee chini ya kivuko; kusiwe na kumwaga wakati kijito kimekatika; na matokeo ya vipimo yabandikwe ofisini kwa chifu kila baada ya miezi mitatu."

Barua ya pili haina ukali hata kidogo, nayo ndiyo itakayomtoa jasho mwenye mradi. Inatumia mambo ambayo mtaalamu hakuyaona kwa sababu hakai pale: kivuko, madimbwi, msimu. Tena inaacha mlango wa masharti wazi iwapo mradi utapita. Kuna wanaharakati wasiopenda kufanya hivyo, wanaona ukitaja masharti umeshakubali nusu. Nawaelewa. Ila leseni nyingi hutoka, na leseni ikitoka bila masharti yako, miaka yote inayofuata utakuwa unalalamikia jambo ambalo halijakatazwa.

Kutoka hapo ndipo unapoona kosa la uvumi wa tatu, ule wa "mimi si mtaalamu". Mtaalamu anajua BOD. Hajui kwamba watoto huogelea bondeni Jumapili au kwamba harufu hutokea saa nane za usiku. Hivyo navyo ni ushahidi.

Na umma ni nani?

Tangazo la mradi hubandikwa karibu na mradi. Maji hayakai karibu na mradi. Mito ya Nairobi, Mathare na Ngong, inayobeba majitaka ya jiji na viwanda vyake, huishia Mto Athi. Athi unashuka Ukambani, ambako bwawa la Thwake linajengwa ili kuwapa watu maji, ukifika chini unaitwa Galana, kisha Sabaki, na unamwaga baharini kaskazini ya Malindi. Leseni moja ya kiwanda cha Nairobi ina majirani Makueni na ina majirani Malindi, ingawa hakuna tangazo litakalobandikwa Malindi. Kisheria hawa wote wana nafasi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 70, inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi, tena bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye au mwingine amekwisha kuumia. Huna haja ya kungoja samaki wafe au mtoto alazwe. Huna haja hata ya kuwa jirani.

Baharini mambo ni yale yale. Wavuvi wa Lamu walipokwenda Mahakama Kuu kuhusu ujenzi wa bandari, mwaka 2018 waliamuliwa fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Hakuna aliyekuwa akiishi juu ya maji yale, ila riziki yao ilikuwa humo.

Lakini si kila uchafu unapita kwenye dirisha la leseni, na kuchanganya mambo haya kunaleta ugomvi usioisha. Machi 2022 maji ya Mto Mara upande wa Tanzania yaligeuka meusi na samaki wakafa. Kamati ya serikali ilitaja hasa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Watu wengi walicheka, wengi zaidi walikasirika, kwa kuwa bonde hilo lina mgodi mkubwa wa dhahabu wenye malalamiko ya miaka mingi. Sitaamua ugomvi huo hapa. Nautaja kwa sababu mbili. Ya kwanza, ng'ombe hawana bomba, hawaombi leseni. Uchafu unaotiririka kutoka mashambani na malishoni unahitaji sheria na mazungumzo ya aina nyingine. Ya pili ni imani ya watu kwa vipimo. Nchini Tanzania vibali vya kumwaga majitaka hutolewa na bodi za maji za mabonde, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Popote pale, watu wasiozoea kuonyeshwa vipimo siku za kawaida hawataviamini siku ya msiba, hata viwe sahihi.

Leseni ikishatoka

"Ikitoka imetoka" ndiyo kauli inayowakatisha watu tamaa, nayo si kweli. Anayeona leseni ya NEMA imetolewa isivyo ana siku 60 za kukata rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira, lile lililofuta ya Lamu. Siku hizo huisha haraka kuliko unavyodhani, na kesi nyingi nzuri zimekufia hapo kwenye kuchelewa. Muda huo ukikupita, bado kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi kwa njia ya katiba.

Owino Uhuru, Mombasa, inaonyesha bei ya kuchelewa. Ni mtaa uliopakana na kiwanda kilichoyeyusha madini ya risasi kutoka betri kuukuu. Wakazi, wakiongozwa na Phyllis Omido, walihangaika miaka, watoto wakiwa na sumu ya risasi mwilini. Julai 2020 mahakama iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, na katika kugawa lawama ikaibebesha NEMA fungu kubwa kuliko wengine. Kesi ikapanda na kushuka kwenye rufaa hadi Mahakama ya Juu ilipoirudisha fidia hiyo Desemba 2024. Ukiisoma kwa makini utaona kwamba mlinzi mwenye kalamu ya leseni anaweza kushtakiwa yeye pia kwa kutochunga. Kwa maofisa hilo lilikuwa somo jipya. Kwa wakazi pesa zilikuja, au ziliahidiwa, baada ya damu kuharibika.

Kabla mambo hayajafika huko kuna kazi ndogo ambayo kila kikundi cha mtaa kinaweza kuifanya, nayo haihitaji wakili. Mwenye leseni ya kumwaga majitaka anatakiwa kupima na kupeleka kumbukumbu kwa NEMA kila robo mwaka. Kumbukumbu hizo mwananchi ana haki ya kuziona. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema ombi linaweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Kama jambo linagusa uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Ada inayoruhusiwa haizidi gharama halisi ya kutoa nakala. Wakikunyima, unapeleka lalamiko Tume ya Haki ya Utawala.

Nakala zikija, usianze na namba. Anza na safu ya tarehe: kama vipimo vyote vya mwaka vimechukuliwa miezi ya mvua, au siku ambazo wakazi wanajua kiwanda kilikuwa kimefungwa, umeshapata swali. Kisha tafuta jina la maabara, uone kama ni ya kiwanda chenyewe au ya nje inayotambuliwa. Linganisha maji yaliyomwagwa na yale yaliyoruhusiwa kwenye leseni, maana huko ndiko kunakojificha zile kilo. Halafu uliza sampuli ilichotwa wapi hasa: kwenye mdomo wa bomba, au mita mia mbili chini yake ambako mto umeshaizimua.